Wali wa shule kutoka Kisutu, na picha ya mzee Kamaraj ukutani

Wazazi na walimu wa shule za kutwa hapa Dar mmekuwa mkiniuliza kuhusu chakula cha mchana ambacho watoto wetu wa Temeke wanaletewa kutoka mjini, kwa hiyo naandika yote mahali pamoja. Mimi ni mwalimu mstaafu, na sasa ni mjumbe wa kamati ya chakula katika shule ya msingi wanayosoma wajukuu zangu. Chakula hiki nimekila kwenye sahani zilezile za watoto, jikoni nimefika bila kupiga simu, na daftari la malipo linapita mikononi mwangu. Jibu langu fupi ni ndiyo, wachukueni. Jibu refu linahitaji nafasi, kwa sababu jiko hili lina masharti ambayo hutayaelewa mpaka umjue mwanasiasa mmoja wa India aliyefariki mwaka 1975.

Jina la huduma siliandiki. Mama mwenye jiko ameniomba nisimtangaze, ana kazi ya kumtosha. Jiko liko uani mwa jengo la zamani Kisutu, hatua chache kutoka Mtaa wa Indira Gandhi, na wauza maua wa mtaa ule watakuonyesha mlango. Mama ni Mtamil, mtu wa kusini mwa India, ameolewa hapa, Kiswahili chake ni cha mjini kabisa. Wapishi wake wengi ni akina mama wa Temeke na Buguruni, na ndiyo maana ratiba ya wiki ina makande Jumanne na ugali kwa kisamvu Alhamisi. Siku nyingine ni wali na mchuzi wao wa mbaazi, ambao kwao huitwa sambar. Bei tuliyokubaliana ni shilingi 1,300 kwa mtoto kwa siku, pamoja na usafiri.

Huo mchuzi nataka niueleze vizuri, maana wazazi waliposikia "chakula cha Kihindi" walidhani watoto wataletewa pilipili tupu. Mbaazi zilizokobolewa huchemshwa mpaka zinavurugika, kisha zinapondwa kwa mwiko ndani ya sufuria lilelile. Maji ya ukwaju yanaingia, halafu boga, bamia, bilinganya na karoti, kufuatana na sokoni kuna nini. Na mlonge. Siyo majani, ni yale maganda marefu ya kijani ambayo mitaani kwetu tunayaacha yakauke mtini huku tukikimbilia majani kwa ajili ya dawa. Yanakatwa marefu kama kidole, yanaiva na mchuzi, na mtoto anayatafuna akifyonza nyama ya ndani na kutema nyuzi. Mwishoni kabisa mpishi anapasha mafuta kwenye kikaango kidogo, anatupia haradali, na zikianza kurukaruka anaongeza majani ya mchuzi, pilipili kavu moja mbili na mvuje kidogo sana, kisha anamimina yote juu ya sufuria. Harufu inayotoka hapo inafika mpaka barabarani. Nilisimama pembeni ya yule mpishi nikamwona akionja, akatikisa kichwa, akaongeza ukwaju, akaonja tena. Kwa sufuria la kulisha shule nzima, sijazoea kuona mtu anaonja mara mbili.

Mbaazi zenyewe ni za kwetu. Mama ananunua zinazotoka Lindi na Mtwara, wakati mwingine Babati. Ndugu zangu wa Lindi hawajasahau mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi kutoka nje kwa mwaka mzima, na bei huku ikaanguka mpaka watu wakaacha mazao shambani. Tulikuwa tunalima chakula ambacho wenyewe hatukili kwa wingi, tukimtegemea mnunuzi mmoja ng'ambo ya bahari. Leo naona magunia yaleyale yanashushwa Kisutu kwa ajili ya watoto wa Temeke, na hilo peke yake lingenitosha kuisifia huduma hii.

Sasa masharti. Kikao cha kwanza tulikwenda na mwenyekiti wa kamati na mwalimu wa zamu, tukiwa na orodha ya watoto ambao wazazi wao walikwisha kulipa. Mama aliipokea, akaisoma hadi mwisho, akaikunja na kuturudishia. Akataka daftari la mahudhurio. Akasema yeye hapikii nusu ya darasa: mtoto aliyefika shule siku hiyo anakula, awe amelipiwa au hajalipiwa, na atakayemtenga mtoto mmoja mkataba umekufa siku hiyohiyo. Walimu wakitaka kula wale kutoka sufuria moja na watoto. Na mtaa nao utoe kitu, hata kama ni kidogo, kwa sababu hatapika mahali ambapo jirani wa shule hana habari na shule. Mwenyekiti wetu alianza kueleza habari za bajeti. Mama akanyoosha kidole ukutani, juu ya meza ya mapokezi, kwenye picha ya mzee mweusi wa umbo kubwa, kichwa kipara, masharubu meupe, shati jeupe la mikono iliyoishia kwenye viwiko. "Muulizeni huyu," akasema. "Baba yangu alikula kwake."

Jambo hili lilinigusa kwa sababu ya yale tuliyopitia kabla. Mtoa huduma tuliyekuwa naye mwanzo alikuwa akigawa kwa tiketi. Wasio na tiketi walikaa chini ya mwarobaini, wameambiwa waangalie upande wa pili ili wasitamani. Mimi nimefundisha miaka mingi, na nawaambia hakuna kipindi cha hesabu kitakachomwingia mtoto aliyegeuzwa mgongo wakati wenzake wanakula. Elimu bila ada tuliyoipata mwaka 2016 iliondoa ada. Chakula cha shule za kutwa kilibaki mikononi mwa wazazi, na wazazi si sawa mifukoni.

Mzee wa kwenye picha ni Kumaraswami Kamaraj. Nilimsoma baadaye kwa wiki kadhaa kwa sababu nilitaka kujua kama mama anatupa hadithi ya kuuzia wali. Hakutupa hadithi.

Alizaliwa tarehe 15 Julai 1903 katika mji mdogo ambao leo unaitwa Virudhunagar, kusini kabisa mwa India. Watu wa jamii yake, Wanadar, wengi walikuwa wagema na wafanyabiashara wadogo, na kwa miaka mingi walizuiwa hata kuingia kwenye mahekalu ya wakubwa. Walijijengea shule yao wenyewe mjini hapo, na inasimuliwa kwamba kila nyumba ilikuwa ikitenga konzi ya mchele kwa ajili ya kuiendesha. Baba yake alikufa Kamaraj akiwa mtoto mdogo, mama akauza vito vyake ili familia ile, na kijana akaacha shule akiwa na miaka kama 11 au 12, akaingizwa kwenye duka la nguo la mjomba. Elimu yake ya darasani iliishia hapo. Huyu ndiye aliyekuja kusimamia elimu ya jimbo zima, na kila mwalimu aliyewahi kumwona mtoto mwenye akili akiacha shule kwa njaa atajua kwa nini napasisitiza hapa.

Siasa aliingia akiwa kijana, baada ya mauaji ya Amritsar ya mwaka 1919, jeshi la Waingereza lilipowapiga risasi raia waliokusanyika. Mwaka 1930 alikuwa kwenye maandamano ya Vedaranyam ya kupinga sheria ya Waingereza ya chumvi, akafungwa. Alifungwa tena na tena, jumla ikapita siku 3,000. Akiwa gerezani mwaka 1941 watu wa mji wake walimchagua kuwa mwenyekiti wa halmashauri ya mji. Alipotoka alikwenda kwenye kikao, akakaa kwenye kiti, na siku hiyohiyo akajiuzulu, kwa hoja kwamba mtu asishike kazi ambayo hawezi kuitumikia kwa ukamilifu. Tangu 1940 alikuwa mwenyekiti wa chama cha Congress katika eneo la Watamil. Akaingia Bunge la Katiba mwaka 1946, kisha bunge la nchi mwaka 1952. Kazi ya chama ndiyo aliyoijua: kukaa na watu wa kata, kujua nani ana ugomvi na nani, kukumbuka majina.

Uwaziri kiongozi wa Madras, jimbo ambalo leo ni Tamil Nadu, ulimfikia tarehe 13 Aprili 1954. Aliyekuwepo kabla yake, Rajagopalachari, msomi mkubwa, alikuwa ameleta mpango wa kuwaweka watoto wa vijijini darasani nusu ya muda, na muda uliobaki wajifunze kazi za wazazi wao. Fikiria maana yake kwa mtoto wa mgema au wa dobi: serikali inamwambia abaki alipozaliwa. Watu walikataa kwa nguvu, mpango ukamwangusha mwenye mpango. Kamaraj akaufuta. Kisha akaunda baraza la mawaziri wachache sana, 8 tu, na ndani yake akamweka C. Subramaniam, yuleyule aliyeshindana naye kugombea kiti. Mambo ya mahekalu ya Wahindu akampa P. Parameswaran, mtu wa tabaka ambalo kwa karne nyingi halikuruhusiwa kukanyaga mlango wa hekalu.

Halafu chakula. Inasimuliwa kwamba safarini alimkuta mtoto anachunga, akamuuliza kwa nini hayuko shuleni, na mtoto akamuuliza kama huko shuleni atapewa chakula. Mama mpishi anaisimulia kama baba yake ndiye alikuwa yule mtoto. Namheshimu lakini hapo simfuati, kila ukoo wa kule una mtoto wake wa hadithi hii. Lisilo na shaka ni kwamba mwaka 1956 serikali yake ilianzisha chakula cha mchana katika shule za msingi za jimbo. Hakuwa wa kwanza: katika jiji la Madras halmashauri iliwahi kuwalisha watoto wa shule miaka ya 1920, na mpango ule ukafa. Kamaraj alipeleka sufuria vijijini. Serikali ilitoa sehemu ya fedha na kijiji kikatoa sehemu yake. Mkurugenzi wake wa elimu, N. D. Sundaravadivelu, alizunguka akifanya mikutano ambamo watu wa kawaida walichangia shule zao kwa mbao, mabati, madaftari, mchele. Baadaye zikaja sare, ili anayetoka nyumba ya udongo na anayetoka nyumba ya mawe wasitambulikane kwa nguo. Shule zilizokuwa zimefungwa zikafunguliwa, nyingine mpya zikajengwa kwa maelfu, na ada ikaondolewa hatua kwa hatua hadi sekondari.

Hapo nikaelewa sharti la mtaa kutoa kitu. Sisi tulipoanza tulidhani mama anatutafutia wafadhili wa kumjazia mfuko. Tulipita kwa wafanyabiashara wa soko la Tandika tukiwa na barua ya shule. Mmoja akatoa gunia la mchele kwa mwezi, mwingine mafuta, muuza mkaa mmoja akasema yeye hana cha kutoa ila atakuja kusaidia kushusha masufuria, na kweli anakuja. Michango hiyo ndiyo inayofidia watoto ambao kwao hakuna kitu. Mama anaipunguza kwenye hesabu ya mwezi, anaandika, anatoa risiti ya mashine. Nimekagua, hesabu zimekaa sawa.

Kwa walimu wenzangu niongeze hili. Kizazi changu kilikula bulga shuleni, ile ngano iliyopondwa, na waliokula wanajua tulivyokuwa tukikimbia asubuhi siku za bulga na tulivyokuwa tukisingizia homa siku ambazo stoo ilikuwa tupu. Katika shule yetu ya Temeke utoro wa mchana umepungua mpaka unaonekana kwa macho. Sina takwimu za kuwapa, nina daftari la mahudhurio na nina macho. Watoto waliokuwa wakitoroka saa sita kwenda kuokota chupa za plastiki sasa wanangoja langoni kirikuu kinacholeta chakula.

Mama mpishi na mimi tunabishana juu ya jambo moja, nalo ni lile lililomfanya Kamaraj ajulikane India nzima. Mwaka 1963 alimshauri Waziri Mkuu Nehru kwamba viongozi wakubwa waache vyeo serikalini warudi kukijenga chama. Yeye mwenyewe akaanza. Tarehe 2 Oktoba 1963, siku ya kuzaliwa Mahatma Gandhi, akaacha uwaziri kiongozi baada ya miaka tisa. Mawaziri 6 wa serikali kuu wakaondoka, akiwemo Lal Bahadur Shastri na Morarji Desai, na mawaziri viongozi 6 wa majimbo, yeye akiwemo. Msomaji wa Tanzania hawezi kusoma habari hii bila kumkumbuka Mwalimu: Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, Nyerere aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda mikoani kukijenga chama cha TANU. Wazee wangu walisema watu walilia ilipotangazwa redioni. Sijui kama Kamaraj aliwahi kusikia habari za Mwalimu, na haina haja, watu wawili waliotoka chini waliona tatizo lilelile la chama kunenepa serikalini na kukonda vijijini.

Mama anaiona siku ile ya 2 Oktoba kuwa ndiyo kilele cha maisha ya mzee. Mimi naona watoto wa Madras walipoteza. Mwalimu alipoacha uwaziri mkuu alikwenda kwa wananchi, na mwisho wa mwaka uleule wananchi wakamrudisha akiwa Rais. Kamaraj alikwenda Delhi. Akawa rais wa Congress, na Nehru alipofariki tarehe 27 Mei 1964 ni yeye aliyezunguka kuwauliza wabunge na viongozi wa majimbo mmoja mmoja mpaka Shastri akapatikana bila chama kupasuka. Shastri naye akafariki Tashkent tarehe 11 Januari 1966, na Kamaraj akafanya kazi ileile mara ya pili: safari hii ikapigwa kura, Indira Gandhi akapata 355 na Morarji Desai 169. Yeye mwenyewe angeweza kukitaka kile kiti. Hakukitaka, na sababu yake ilikuwa kwamba hajui vizuri Kiingereza wala Kihindi. Nampenda kwa hilo. Lakini wakati anawapatia Wahindi mawaziri wakuu, jimboni kwake mambo yalimponyoka: mwaka 1965 vijana waliwaka kupinga Kihindi kufanywa lugha ya serikali, mchele ukawa haba, na chama cha DMK kikawaahidi watu mchele wa bei nafuu.

Mwaka 1967 aligombea kiti cha bunge la jimbo la Madras nyumbani kwake Virudhunagar akashindwa kwa kura 1,285. Aliyemshinda alikuwa kiongozi wa wanafunzi, P. Seenivasan. Hapa ndipo mimi na mama tunapokaa kimya wote wawili. Mtu aliyeweka sufuria shuleni alishindwa katika mwaka wa njaa ya mchele, na aliyemshinda ni kijana wa kizazi kilichosomeshwa kwa kazi yake. Naamini wapiga kura hawakukosa shukrani. Nyumba isiyo na mchele leo haiwezi kula wali wa mwaka 1956, na chama chake kilikuwa kimesahau kuuliza bei sokoni.

Mwaka 1969 alirudi bunge la nchi kupitia Nagercoil, na mwaka huohuo Congress ikapasuka, yeye akiwa upande mmoja na Indira Gandhi aliyemsaidia kupanda akiwa upande mwingine. Alifariki tarehe 2 Oktoba 1975, siku ileile ya Gandhi, katikati ya ile hali ya hatari iliyotangazwa na Indira. Hakuoa, hakujenga nyumba yake, na inaelezwa kwamba fedha zilizokutwa kwake zilikuwa kama rupia 130, na mashati machache. Mwaka uliofuata alipewa nishani ya juu kabisa ya nchi, Bharat Ratna. Sufuria halikuzimika: M. G. Ramachandran akiwa waziri kiongozi aliukuza mpango mwaka 1982, na mwaka 2001 Mahakama Kuu Kabisa ya India iliamuru shule zote za msingi za serikali nchini ziwape watoto chakula kilichopikwa. Tangu 2022 Tamil Nadu inatoa na kifungua kinywa.

Turudi Kisutu, maana mnataka kujua kasoro pia.

Kubwa ni Barabara ya Kilwa. Masika chakula kimechelewa mpaka watoto wa darasa la kwanza, wanaotoka mapema, wameanza kulia njaa langoni. Mama sasa siku za mvua anatanguliza ndizi na karanga kwa bodaboda, na wali unafuata. Ni ufumbuzi wa nusu. Nimemwambia atafute jiko la pili upande huu wa mji, Mtoni au Tandika, na hilo nalirudia hapa mbele yenu. Masufuria yanafika ya moto, hilo nampa, mifuniko imefungwa kwa kitambaa na kamba, na nimetia kidole.

Kipimo cha darasa la sita na la saba hakitoshi. Mvulana wa miaka 13 hashibi na upawa uleule wa mtoto wa miaka 7. Tulipolalamika wakaongeza upawa wa pili wa mchuzi, siyo wa wali. Bado tunazungumza. Pilipili ilikuwa nyingi mwanzoni, siku hizi inawekwa pembeni kwenye kibakuli cha walimu.

Ijumaa kulikuwa na wali wa mtindi, mweupe, wa baridi, na majani ya mchuzi juu yake. Kwa wenyewe ni chakula cha heshima cha kufungia mlo. Mimi nimeupenda, siku ya joto la Februari unateremka vizuri. Watoto waliuacha sahanini. Mama alisikitika, lakini aliuondoa kwenye ratiba baada ya kuona ndoo ya mabaki kwa macho yake, na hapo nilimheshimu zaidi, kwa sababu watoa huduma wengi wangetuambia watoto hawajafundishwa kula.

Usafi sina la kusema ila kusifu. Sahani za chuma zinasuguliwa kwa maji ya moto, wapishi wana vyeti vya kupimwa afya na wanavionyesha bila kununa, mchele unachaguliwa mawe kwa mkono kwenye ungo. Malipo yanapokelewa kwa simu au benki, fedha taslimu anazikataa, na mwisho wa mwezi unaletewa karatasi moja inayosomeka: waliokula, michango ya mtaa, kinachodaiwa. Shule binafsi moja ya mjini ilimtaka apike vyakula viwili, cha watoto wa bweni na cha watoto wa wafanyakazi wa shule. Aliacha kazi hiyo. Nimelisikia kutoka kwa mpishi, siyo kutoka kwake.

Tarehe 15 Julai, siku ya kuzaliwa Kamaraj, ambayo kule kwao ni siku ya maendeleo ya elimu, jiko linaongeza payasam, yaani tambi za maziwa na sukari zenye iliki na zabibu kavu, bila kuongeza bei. Mwaka huu mjukuu wangu wa darasa la tatu alirudi na kijiko kimoja mfukoni, kimefungwa kwenye karatasi ya daftari, amemletea mdogo wake ambaye hajaanza shule.

Anayetaka nafasi ya muhula wa Januari aende kabla ya Novemba, maana mama hachukui shule nyingi na akijaza amejaza. Fikeni asubuhi kabla ya saa nne, baada ya hapo moto unakuwa mkubwa na hakuna atakayewasikiliza. Nendeni na mwalimu mkuu, na mtu mmoja wa mtaani asiye mzazi, na daftari la mahudhurio la shule nzima. Orodha ya waliolipa iacheni nyumbani.